Mpaka wa maji si mpaka wa udongo: jinsi ya kujua maji ya mto wetu yanatoka wapi



Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kuingia ndani ya mji wa Uvira. Watu wasiopungua 40 walikufa. Maelfu ya nyumba ziliharibiwa, na jamaa nyingi zilikimbilia kwenye makanisa, masomo na kwa ndugu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Mei 2023, mito midogo ya teritwari ya Kalehe ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Huko waliokufa walipita 400.

Baada ya msiba kama huo, swali moja linarudi katika kila mkutano: nani ametuletea maji haya? Watu wa chini wanasema: ni wale wa milimani, wanakata miti na kulima mpaka kileleni. Watu wa milimani wanajibu: sisi hatukuita mvua, ninyi ndio mmejenga ndani ya njia ya mto. Mahali ambapo watu wamekwisha kugawanyika kwa sababu ya vita na udongo, maneno ya namna hii ni kama kiberiti karibu na nyasi kavu.

Makala hii inaeleza kazi moja ambayo inaweza kusaidia: kuchora mpaka wa bonde la mto, kuanzia mahali penye kipimo cha maji na kupanda mpaka juu. Ni kazi ya maenjenia, lakini wazo lake kila mtu anaweza kulielewa. Na mkuu wa kijiji anayelielewa atakuwa na jambo la kweli la kuwaambia watu wake kabla hawajaanza kulaumiana.

Bonde la mto ni nini?

Tazama nyumba ya mabati wakati wa mvua. Juu kabisa kuna mgongo wa paa. Tone linaloanguka upande huu wa mgongo linashuka upande huu. Tone linaloanguka upande wa pili, hata kama ni hatua moja tu kutoka kwa lile la kwanza, linashuka upande wa pili. Ukiweka ndoo chini ya kona moja, haipokei maji ya nyumba nzima. Inapokea maji ya ile sehemu ya paa inayoelekea pale tu.

Mto ni vivyo hivyo. Mgongo wa paa ni mgongo wa milima. Eneo lote la ardhi ambalo mvua yake inashuka na kupita mahali fulani pa mto ndilo tunaloita bonde la mto juu ya mahali pale. Ndani yake mna vilele, misitu, mashamba, malisho, barabara na vijiji. Mstari unaozunguka eneo hilo, ukipita juu ya migongo ya milima, tunauita mpaka wa maji.

Angalieni neno hili: juu ya mahali pale. Bonde halina ukubwa mmoja. Ukisimama mlimani kwenye kijito, bonde lililo juu yako ni dogo. Ukishuka mpaka darajani, vijito vingine vimeingia, na bonde limekua. Kwa hiyo mtu akikuambia ukubwa wa bonde la mto, mwulize kwanza: umehesabu kuanzia wapi?

Kipimo cha mto kinafanya kazi gani?

Katika mito mingine mmeona ubao au chuma kilichosimamishwa majini, kikiwa na namba za sentimeta. Hicho ni kipimo cha mto. Mtu wa karibu anakisoma asubuhi na jioni na kuandika kimo cha maji katika daftari. Mara kwa mara mafundi wanakuja kupima upana, kina na mwendo wa maji. Kwa kulinganisha vipimo hivyo na kimo kilichoandikwa, wanajua ni meta kujo ngapi za maji zinapita kila sekunde.

Kazi hii ilikuwa na nguvu zamani. Kabla ya mwaka 1960 kulikuwa na vipimo zaidi ya 400 katika bonde lote kubwa la mto Kongo. Vita, ukosefu wa pesa na kusahauliwa vimefanya vinavyosomwa leo visifike hata 20. Kwa hiyo kila kipimo kilichobaki ni mali ya watu wote, na kila daftari la zamani lina thamani. Vijana wanaong'oa chuma hicho ili kukiuza hawajui wanachouza.

Lakini namba ya kipimo peke yake haitoshi. Kipimo ni ile ndoo chini ya kona ya paa. Kama hujui ni sehemu gani ya paa inayomwaga ndani ya ndoo, huwezi kujua kama maji ni mengi kwa sababu mvua ilikuwa kali, au kwa sababu paa ni kubwa.

Hesabu ya bidoni

Tufanye hesabu pamoja. Mvua ya milimeta 1 ikianguka juu ya kilometa 1 ya mraba, ni lita 1,000,000 za maji. Ni sawa na bidoni 50,000 za lita 20. Milimeta moja tu!

Sasa tuchukue mfano wa mto mdogo wa mlimani ambao bonde lake juu ya daraja ni kilometa 50 za mraba. Mvua ya milimeta 40 inanyesha kwa muda mfupi. Hizo ni meta kujo 2,000,000. Tuseme nusu inazama udongoni au inabaki kwenye majani na mashimo, na nusu nyingine inashuka mtoni kwa saa 3. Chini ya daraja zitapita karibu meta kujo 93 kila sekunde, yaani zaidi ya bidoni 4,600 kwa sekunde moja. Hakuna ukuta wa mifuko ya mchanga unaoweza kuzuia kitu kama hicho.

Tazameni sasa hatari ya mpaka uliochorwa vibaya. Tuseme mtu aliyechora ramani alisahau kijito kimoja kikubwa, akaandika kwamba bonde ni kilometa 25 za mraba badala ya 50. Anachukua maji yaliyopita darajani, anayagawanya juu ya eneo lake dogo, na anapata kwamba milimeta zote 40 zilishuka mtoni. Atasema nini? Atasema: huko juu hakuna hata tone lililozama, mlima umekuwa uchi, wakulima wameuharibu wote. Watu wa chini watasikia, na watapanda mlimani na hasira. Kumbe nusu ya mvua ilizama, na maji mengine yalitoka katika kijito ambacho hakimo kwenye ramani. Kosa la mstari kwenye karatasi limekuwa shitaka juu ya watu.

Ndiyo maana tunasema: kabla ya kumhukumu mtu wa juu, kwanza tujue vizuri juu ni wapi.

Mpaka unachorwaje?

Kuna njia tatu, na ni vizuri kuzitumia pamoja.

Ya kwanza ni ramani ya karatasi, au karte kama wengi wetu tunavyosema, yenye mistari ya kimo. Kila mstari unaunganisha mahali penye kimo kimoja. Unaweka alama mahali penye kipimo, kisha unapanda kutoka kila upande wa mto, ukikata mistari ya kimo kama mtu anayepanda mlima moja kwa moja. Unafuata migongo mpaka mistari yako miwili ikutane juu, nyuma ya chanzo cha kijito cha mwisho. Kanuni ni moja: mpaka wa maji hauvuki mto, isipokuwa pale penye kipimo.

Ya pili ni ordinateri. Mwezi wa Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Endeavour kilizunguka dunia siku 11 na kupima kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu. Vimo hivyo vinapatikana bila malipo, na leo viko katika vipande vya meta 30 hivi. Ordinateri inauliza kila kipande: maji yako yanashukia jirani gani? Kisha inakusanya vipande vyote ambavyo maji yao yanafika kwenye kipimo. Kazi ya wiki nyingi inakwisha kwa dakika chache.

Ya tatu ni miguu. Ordinateri haijui mambo ambayo mzee wa kijiji anayajua. Inatazama kimo tu. Kwa hiyo lazima watu watembee na kuhakikisha.

Makosa yanayotokea mara nyingi

Kosa la kwanza ni mahali pa kipimo. Mara nyingi daftari linasema kipimo kiko kwenye daraja fulani, lakini namba za mahali zilizoandikwa zinaanguka meta mia mbili pembeni, juu ya kijito kidogo au ng'ambo ya makutano ya mito miwili. Ordinateri inatii: inachora bonde la kijito badala ya bonde la mto. Ni lazima kuuliza: kipimo kiko juu ya makutano au chini yake?

La pili ni nchi tambarare. Katika uwanda wa Ruzizi, kati ya milima na mto wenyewe, tofauti ya kimo ni ndogo sana. Mifereji ya kumwagilia mpunga inachukua maji ya mto mmoja na kuyapeleka katika mashamba ya mto mwingine. Setilaiti haioni mfereji wa upana wa meta moja. Mkulima anauona kila siku, na mara nyingine ameugombania.

La tatu ni nchi ya volkano. Karibu na Goma, chini ya Nyiragongo, mvua nyingi inanyesha lakini mito ya juu ya ardhi karibu haipo. Maji yanazama ndani ya mawe ya lava na kusafiri chini kwa chini. Mpaka unaoonekana juu ya ardhi unaweza kuwa tofauti na ule wa chini.

La nne ni barabara na mitaro. Barabara iliyokatwa pembeni ya mlima inaweza kukusanya maji ya miteremko mingi na kuyamwaga yote katika korongo moja. Nyumba zilizo chini ya korongo hilo zimepata maji ambayo si ya bonde lao.

Maji hayajui mkoa wala kabila

Volkano za Virunga zinatupa somo kubwa. Maelfu ya miaka iliyopita, maji ya sehemu ya ziwa Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Volkano zikafunga njia. Ziwa likajaa, likatafuta mlango mwingine kusini, na leo linamwagika kwa njia ya mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, na mwishoni yanafika bahari ya Atlantiki.

Lakini mto Rutshuru, ambao hauko mbali, unaingia ziwa Edward, na kutoka hapo maji yanapita Semliki na ziwa Albert mpaka Misri. Mto Lowa, unaopokea maji ya milima ya Masisi, unakwenda Lualaba. Watu wawili wa mkoa mmoja, wanaosema lugha moja, wanaweza kuwa na maji yanayokwenda bahari mbili tofauti. Na watu waliogawanywa na mpaka wa serikali wanaweza kunywa mto mmoja: bonde la Ruzizi lina Wakongomani, Wanyarwanda na Warundi.

Sheria imekwisha kuelewa jambo hili. Mwaka 2003 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa Tanganyika. Na sheria ya maji ya Kongo, nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, inataka maji yasimamiwe kwa kufuata mabonde. Kinachobaki ni sisi wenyewe kulielewa kule vijijini.

Ramani hii isifanyiwe kazi mbaya

Tuseme wazi, kwa sababu tumeona watu wakiogopa. Mgeni anapotembea juu ya mgongo wa mlima akiwa na mashine ya GPS mkononi, watu wanauliza: anapima udongo wa nani? Anamtafutia nani? Wasiwasi huo una sababu. Wengi kati yenu mmepoteza mashamba, na mnaogopa kwamba ramani inachorwa wakati hamko.

Kwa hiyo kila mwenye mamlaka aseme mbele ya watu wote, na iandikwe juu ya ramani yenyewe: mpaka wa maji si mpaka wa udongo. Hauonyeshi shamba ni la nani, kijiji ni cha mwami gani, wala nani alifika kwanza. Hautoi haki ya shamba kwa mtu na haumnyang'anyi mtu haki yake. Anayetaka kuutumia katika kesi ya udongo anaharibu kazi ya wote.

Tena ramani haisemi nani ana kosa. Inasema tu maji yanapita wapi na yanatoka eneo la ukubwa gani. Msitu uliokatwa unaongeza maji na matope, hilo ni kweli. Nyumba iliyojengwa kando ya mto inaongeza vifo, hilo pia ni kweli. Na kuna maji ambayo hayatoki mtoni kabisa. Katika miaka iliyofuata 2020, na tena mwaka 2024, ziwa Tanganyika lilipanda na kufunika makao ya kandokando huko Uvira, Kalemie na Bujumbura. Maji yale yalikuja polepole kutoka ziwani. Kuwalaumu watu wa mlima ulio nyuma ya mji kwa ajili ya maji ya ziwa zima si haki.

Inatusaidia nini sisi tuliohama?

Inasaidia kwanza kuchagua mahali pa kukaa. Jamaa iliyokimbia mapigano mara nyingi inapewa mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayepataka, na kuna sababu hapatakiwi. Kabla ya kusimamisha hema au kujenga, tazama juu: bonde linalomwaga hapa ni kubwa kiasi gani? Pale mto unapotoka mlimani na kuingia tambarare, ukikuta mawe makubwa yaliyolainishwa na maji, jua kwamba mto umekwisha kufika hapo. Hata kama wazee hawakumbuki, mawe yanakumbuka.

Inasaidia pia kupashana habari. Katika mto mkubwa, maji yanayopanda juu huchukua muda kufika chini. Katika mito mifupi inayoshuka kwa nguvu, kama ile ya Uvira na Kalehe, muda huo ni saa chache au hata chini ya saa moja. Kipimo cha darajani kinakuambia maji yamefika. Mtu aliye mlimani mwenye kipimo cha mvua na telefoni anakuambia maji yanakuja. Kwa hiyo watu wa chini wanawahitaji watu wa juu kuliko wanavyofikiri. Ni vigumu kumtukana mtu ambaye simu yake ndiyo inayoamsha watoto wako usiku.

Alama moja kila mtu aijue: mvua ikiwa bado inanyesha juu na mto ukapungua ghafula, msifurahi. Pengine mlima umeporomoka na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma ya matope. Pandeni mahali pa juu mara moja, mbali na mto.

Hatua ambazo wakubwa wanaweza kuanza nazo

1. Iteni mkutano wa watu wa juu na wa chini pamoja, wakulima na wafugaji, wenyeji na waliohama. Elezeni kazi kabla ya mtu yeyote kupanda mlima, na mwombe ruhusa ya wenye mamlaka. Mahali pasipo na usalama, msitume mtu.

2. Chagueni mahali pa kuanzia: kipimo kilichopo, au daraja ambalo wote wanalijua.

3. Choreni kwanza chini, kwa fimbo juu ya mchanga. Wamama wanaoteka maji na watoto wanaochunga wanajua vijito vingi ambavyo havina jina kwenye karte.

4. Linganisheni mchoro huo na ramani ya ordinateri. Mahali zinapotofautiana, andikeni, kisha tumeni watu wa pande zote mbili kwenda kutazama pamoja.

5. Hesabuni ni vijiji vingapi vimo ndani ya mpaka. Chagueni komite moja ya bonde, si komite mbili za juu na chini.

6. Gawanyeni kazi: wa juu wapime mvua na kupiga simu, wa chini wasafishe mitaro na kuacha njia ya mto wazi. Siku za salongo za kupanda miti na kuchimba mifereji ya kuzuia maji kwenye miteremko ziwe za wote. Jasho la kazi ya mlimani lisiachiwe wa mlimani peke yao, wakati faida yake inalala chini.

7. Wekeni ramani mahali pa wazi ambapo kila mtu anaweza kuiona, na nakala moja kwa kila kijiji.

Ndugu zetu, mvua ya mwaka ujao itanyesha, iwe tumepatana au hatujapatana. Itashuka kwa njia zake zilezile, bila kuuliza nani ni mwenyeji na nani amehama. Hatuna uwezo wa kuizuia. Tuna uwezo wa kujua njia zake mapema, na kukaa pamoja sisi wote tunaoishi juu yake.